Picha Zilizopita Njia ya Kasongo

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye bara zima lilimjua kwa jina la Tippu Tip, hakuwa mtu wa kusahau deni. Uzeeni, alipokuwa Zanzibar akimwandikia Mjerumani Heinrich Brode habari za maisha yake, alikumbuka nani alimpa nini, nani alimdhulumu, pembe zilikuwa ngapi na zilipitia mikono ya nani. Katika hesabu hiyo Henry Morton Stanley hatoki vizuri.

Wawili hao walikutana Oktoba 1876 kwa Mwana Mamba, karibu na Kasongo. Stanley alitaka kuufuata mto Lualaba mpaka mwisho wake, na watu wake waliogopa misitu iliyo kaskazini ya Nyangwe. Akamwomba Tippu Tip amsindikize kwa safari 60 za mwendo, malipo dola 5,000. Walitoka Nyangwe tarehe 5 Novemba, wakapambana na msitu, ndui na mishale, na mwisho wa Desemba wakaagana kabla safari hizo 60 hazijatimia. Stanley anaorodhesha kitabuni mwake alichomwachia mwenzake: hundi ya dola 2,600, punda wa kupanda, mkufu wa dhahabu, bastola, nguo, shanga, kauri. Tippu Tip anasimulia upande wake. Aliahidiwa makubwa, asema, siku Stanley atakapofika kwao salama. Na kilichomfikia baadaye kutoka Ulaya kilikuwa picha ya Stanley.

Msomaji wa leo anaweza kucheka. Kwa mzungu wa miaka ile, kumpelekea mtu picha yako ilikuwa heshima. Watu wa London na Paris walipeana vijipicha vilivyobandikwa kwenye kadi kama tunavyopeana namba za simu, na kila sebule ilikuwa na albamu ya kuvihifadhi. Kwa mfanyabiashara aliyelisha wapagazi wake kwa wiki nyingi msituni, sura ya mtu kwenye karatasi haikulipa kitu. Namwelewa. Ila malalamiko yake yana jambo kubwa kuliko fedha alizozikosa: picha ni kitu cha kupeana, na kupeana kuna pande mbili. Jambo hilo limepita katika historia nzima ya kamera kwenye njia ile ya Ujiji, Kabambare, Kasongo na Nyangwe.

Walioanza kubeba kamera Afrika Mashariki hawakuwa mafundi wa kazi hiyo. Walikuwa madaktari, maofisa wa jeshi, wamisionari, wapiga picha wa ridhaa waliojifunza kwa kusoma na kuharibu. James Grant alifika Zanzibar mwaka 1860 pamoja na John Speke akiwa na kamera, akapiga picha za mji. Wakati huo ilibidi kioo kipakwe dawa, kiingizwe kwenye kamera kingali kibichi, kisha kisafishwe papo hapo ndani ya hema jeusi lililofungwa pande zote. Ukiwa umevaa sufu, kwenye jua la pwani, hema hilo ni tanuri. Speke aliona kazi hiyo itamwua mwenzake, akaamua achore kwa rangi badala yake. Kwa hiyo safari ya kwenda Ziwa Nyanza tunaijua kwa michoro ya Grant, si kwa picha.

Dakta John Kirk alikuwa mvumilivu zaidi. Alipiga picha katika safari ya Zambezi na Livingstone kuanzia 1858, akaendelea miaka yote aliyokaa Zanzibar kama daktari na kisha balozi wa Uingereza. Lakini hakwenda Manyema, nchi ya Kasongo na Nyangwe. Na Livingstone, ambaye alikwenda, hakuwa na kamera.

Alifika Kabambare, au Bambarre kama alivyoiandika, mnamo Septemba 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamlaza hapo tangu Julai mpaka Februari 1871. Wapagazi wengi walikuwa wamemkimbia. Waliobaki ni watatu, Susi, Chuma na Gardner. Karatasi zikamwishia, na huko Nyangwe akawa anaandika shajara juu ya magazeti ya zamani, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mzingifuri. Kwa wino huo ndipo alipoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku watu wa wafanyabiashara wa pwani walipowafyatulia risasi wanawake sokoni Nyangwe. Wino ulififia, gazeti likageuka manjano, na kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeweza kuusoma ukurasa mzima. Miaka ya 2010 na 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha kurasa hizo huko Edinburgh chini ya mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na ile ambayo jicho la binadamu haliioni, na maandishi yakajitenga na gazeti. Novemba 2011 wakaziweka kurasa zote hadharani, bure. Kwa hiyo Nyangwe ya 1871, ambayo haikuwahi kupigwa picha siku ile, ilipata picha ya maneno yake miaka 140 baadaye.

Susi na Chuma nao walipata zao. Mwaka 1874 walipelekwa Uingereza kumsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za bwana wao, na huko Newstead Abbey wakapigwa picha pamoja na watoto wa Livingstone. Ni picha ya heshima: wamevaa nguo nzuri, wako miongoni mwa wenyeji, na majina yao yameandikwa. Kati ya wote waliolala Kabambare wakati wa vile vidonda, ni wachache sana waliobahatika hivyo.

Stanley aliipitisha kamera Manyema. Alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874 alikuwa na vioo vikavu, aina mpya iliyomwondolea mtu kazi ya kupaka dawa palepale. Kazi iliyobaki bado ilikuwa ngumu. Kioo kilibebwa kichwani mwa mpagazi, ndani ya sanduku, kuvuka mito na magogo. Mpagazi akiteleza, picha ya mwezi uliopita imevunjika. Jua la saa sita linaunguza sura nyeusi na nguo nyeupe haziachi kitu ila weupe. Maji ya kuoshea yawe safi, na katika kambi ya watu mia mbili maji safi ni ya kunywa kwanza. Vingi vya vioo vyake vilivyosalimika viko leo Tervuren, nje ya Brussels, katika jumba la makumbusho ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliliwekea msingi.

Picha moja kati ya hizo inastahili tuikazie macho. Mwaka 1875, akiwa Buganda, Stanley alimpiga picha Kabaka Mutesa na wakuu wake wamepangwa mstari, wamevaa kanzu na majoho, nyuso zimekaza kwa sababu walilazimika kusimama bila kutikisika. Ilipochorwa upya na kuchapwa kitabuni, chini yake yaliandikwa majina: Mutesa, Pokino, Sekebobo, Chambarango. Kisha fungua mbele, kwenye kundi la watu wa msafara walipofika Kabinda, pwani ya Atlantiki, baada ya kutokea Boma Agosti 1877. Walioondoka walikuwa zaidi ya 200; waliofika wamezidi 100 kidogo. Kati yao wamo waliopita Kabambare, waliosikia wazee wa pale wakimsifu Livingstone, waliompoteza mtoni Frank Pocock, msaidizi Mwingereza wa Stanley. Wamekaa wengine chini, wengine wamesimama, wamekonda, na macho yao hayamtazami mtu. Chini yake pameandikwa kwamba ni wafuasi wa Bwana Stanley, na kwamba aliyepiga picha ni Bwana Phillips wa Kabinda. Mwenye kamera ametajwa kwa shukrani. Wenye sura ni kundi. Majina ya walionusurika Stanley aliyachapa kwingine kitabuni, na hilo ni jema; lakini jina lipi ni la uso upi, picha haisemi.

Phillips na Stanley hawakuwa na sababu ya kunyimana. Mmoja alikuwa na kamera, mwingine alikuwa na kitabu, na baina ya wapiga picha wa ridhaa ilikuwa desturi kugawiana. Desturi hiyo ilikuwa imeshawekewa kanuni. Mwaka 1861 watu wachache wa New York na miji jirani walianzisha klabu ya kubadilishana picha kwa posta: kila baada ya miezi miwili, kila mwanachama awapelekee wenzake picha aliyoipiga na kuisafisha kwa mkono wake, na kila mmoja aseme ameionaje na ametumia dawa gani. Asiyetoa hapati. Vita vya Marekani viliivunja baada ya miaka miwili hivi, lakini wazo likaenea. Ubelgiji ilipata jumuiya yake ya wapiga picha mwaka 1874, yenye jarida, maonyesho na mikutano ya jioni ambapo mtu alileta kazi yake ikapitishwa mezani mkono kwa mkono. Mwaka 1888 George Eastman akauza Kodak ya kwanza, ya filamu ya picha 100. Ukiimaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani Rochester, wakusafishie. Sharti hilo la mwisho halikumfaa mtu aliye Kasongo. Kamera nyepesi zilizofuata zilimfaa.

Maofisa wa Leopold, aliyekuwa ameitwaa Kongo, walipoingia Manyema walikuwa watoto wa ulimwengu huo. Vita vyao na watu wa Sefu, mtoto wa Tippu Tip, viliiangusha Nyangwe Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Baba mtu alikuwa ameshaondoka tangu 1890. Daktari wa jeshi hilo lililoongozwa na Dhanis, Sidney Hinde, ameeleza mji walioukuta kwa mshangao usiojificha: nyumba kubwa zenye vitanda na magodoro, maghala ya mpunga, bustani za michungwa, mapera na makomamanga, na kati ya vitu vilivyokamatwa shajara ya mwisho ya Emin Pasha, gavana wa zamani wa Ekwatoria, aliyeuawa Oktoba 1892. Hinde alichapisha kitabu mwaka 1897, akahamia utawala wa Waingereza Kenya, na huko mkewe Hildegarde akawa mpiga picha: kitabu chao kuhusu Wamaasai cha 1901 kina picha zake. Kasongo aliyoieleza vizuri hivyo ilikuwa inakaribia mwisho wake. Nyumba ziliachwa, kituo cha serikali kikahamia kwingine, na mji wa zamani leo ni Kasongo-Tongoni.

Picha za Kongo zilirudi Ulaya kwa meli zikiwa katika masanduku ya maofisa waliomaliza muda wao. Kule Brussels kulikuwa na mahali pa kuzipeleka. Alphonse-Jules Wauters aliendesha kuanzia 1892 hadi 1895 gazeti la picha lililoitwa Le Congo Illustré, na sehemu kubwa ya kilichochapwa humo kilitoka kwa watu ambao kazi yao haikuwa kupiga picha: makarani, wanajeshi, wahandisi wa reli. Gazeti likiingia klabuni, aliyewahi kukaa Boma anamwonyesha aliyekaa Kasongo, huyu anasifu mwanga, yule anasahihisha jina la kijiji. Nawaonea wivu kidogo kwa ushirika huo. Nikikumbuka kwamba mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Tervuren wakae kwenye vijiji vya maonyesho watazamwe na kupigwa picha na kila aliyelipa kiingilio, na kwamba 7 kati yao wamezikwa kule, wivu unakatika.

Ndani ya gazeti hilo hilo la Wauters kuna jina linalovuruga hesabu. Herzekiah Andrew Shanu alizaliwa Lagos mwaka 1858, akaingia kazi ya serikali ya Kongo mwaka 1884, akaiacha 1893 afungue biashara yake Boma. Alikuwa na kamera na aliijua. Picha zake zilichapwa Brussels pamoja na za maofisa wazungu, na kazi ilikuwa ya kiwango kilekile au zaidi. Kwa muda alikuwa mmoja wao: alipokelewa, alisifiwa, alipewa nishani. Kisha habari za mateso ya mpira zikamfikia, na akaanza kuwapa wapinzani wa Leopold, akina Roger Casement na Edmund Morel, karatasi za kesi zilizofichwa. Siri ilipofichuka, maofisa walisusia kununua dukani kwake. Biashara ilikufa, na Julai 1905 Shanu akajiua. Wale waliopitisha picha zake mezani wakizisifia ndio waliomfungia mlango.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mpiga picha mwingine wa ridhaa alikuwa amefanya kazi ambayo serikali ya Leopold haikuipatia jibu. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza wa Baringa, kaskazini-magharibi ya nchi, tarehe 14 Mei 1904 alimpokea kwenye baraza yake mwanamume aliyeitwa Nsala. Alikuwa amebeba kifurushi cha majani, na ndani yake mkono na mguu wa binti yake Boali wa miaka mitano, waliyemwua walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Harris alimwomba akae ukingoni mwa baraza, akaviweka mbele yake, akapiga. Nsala ametazama chini. Hakuna anayelia katika picha ile. Yeye na mumewe John waliizungusha Uingereza na Marekani kwa taa ya kuonyeshea picha ukutani, kanisa kwa kanisa, ukumbi kwa ukumbi, na watu waliozoea kuiona Kongo ya magazeti ya Brussels wakaiona nyingine.

Tofauti ya Bi Harris na wenzake haikuwa ufundi. Kamera yake ilikuwa ya kawaida. Tofauti ni kwamba jina la Nsala lilikwenda na picha, na jina la mtoto, na la kijiji. Kwa hiyo kila aliyeitazama aliwajibika kwa mtu, si kwa mandhari. Nisiseme zaidi ya hapo, maana hata picha hiyo ilitazamwa miaka mingi London na Boston kabla haijaonekana tena Baringa.

Kupeana kwa kweli kulianza pale mpiga picha alipoanza kulipwa na aliyepigwa. Hili huwaudhi wapenzi wa sanaa, kwamba fedha ndogo ya mteja ilileta haki ambayo ushirika wa mabwana haukuileta, lakini ndivyo ilivyokuwa. Zanzibar iliwahi: Wagoa kama A. C. Gomes walikuwa na studio zao tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambako bibi harusi, karani na mwanamasumbwi waliketi mbele ya pazia lilelile, wakaondoka na picha mkononi, na nakala ikatumwa Mombasa, Muscat au Ujiji kwa jamaa. Masheikh wengine walipinga kabisa mwili wa binadamu kuchorwa au kupigwa picha, na hawakuwa wachache. Hata hivyo picha ziliingia majumbani, zikatundikwa juu ya kabati la vyombo.

Upande wa Kongo njia zilifunguka kwa reli. Treni ya Kindu hadi Kongolo ilikuwa imekamilika kufikia 1911, ya Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915, na bidhaa za Ulaya ambazo zamani zilikuja kichwani zikaanza kuja kwa behewa. Miaka ya 1930 ilikuwa ya watu wawili wanaofaa kuwekwa bega kwa bega. Mmoja ni Casimir Zagourski wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, fundi mkubwa, aliyezunguka nchi akipiga sura na ngoma kwa mfululizo wa kadi alioupa jina la Afrika inayotoweka. Wazungu walizinunua, wakazituma kwao zikiwa na salamu nyuma. Wa pili ni Antoine Freitas, mzaliwa wa Angola, aliyetembea na kamera ya sanduku iliyo kamera na chumba cha giza kwa pamoja. Kuna picha yake ya mwaka 1939 huko Bena Mulumba, Kasai: amesimama na sanduku lake juu ya miguu mitatu, kijiji kizima kimemzunguka, watoto wamejipenyeza mbele.

Kamera ya sanduku inafanya kazi hivi. Mteja anakaa, fundi anafungua mdomo wa lenzi kwa kuhesabu kimoyomoyo, anaingiza mkono kwenye mkono wa shati uliofungwa ubavuni mwa sanduku ili mwanga usiingie, na humo ndani, kwa kupapasa, anasafisha karatasi kwenye vibakuli viwili vya dawa. Inatoka nyeusi palipo peupe. Anaibandika mbele ya lenzi, anaipiga tena, inatoka sahihi. Mteja analipa, anaipunga ikauke, anaondoka nayo, na majirani wanaitoa kasoro au wanaisifu kabla hajafika nyumbani. Kile ambacho klabu ya New York ilikiandikia kanuni mwaka 1861, hapa kilifanyika njiani chini ya mwembe, na mhakiki wa kwanza alikuwa mwenye uso wake.

Jean Depara alitokea humo. Naye mzaliwa wa Angola, alinunua kamera ndogo mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake tu, kama ndugu yeyote anayetaka ukumbusho, akaishia kuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco na wa usiku wote wa Kinshasa. Kasongo haikumpata Depara wake. Ilipata uasi wa 1964 na vita vya 1998, na picha haina adui mkubwa kuliko familia kulazimika kukimbia usiku.

Lubumbashi ndiko mambo yalikogeuka upya. Mwaka 2008 Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha mikutano ya wapiga picha waliyoiita Picha, ambayo imekuwa maonyesho ya kila miaka miwili. Vijana walileta kazi zao, wakubwa wakazitazama, wakazikosoa, wakazitundika hadharani, wakati mwingine kwenye kuta za barabarani ambapo mama aliyebeba ndoo aliweza kutoa maoni yake bila kiingilio. Kisha Baloji na Mudekereza wakaenda Tervuren kufungua yale masanduku ya zamani. Walichokitoa, maonyesho yaitwayo Congo Far West ya 2011, kilitumia picha za François Michel na michoro ya Léon Dardenne, watu wa msafara wa Charles Lemaire ulioingia Katanga mwaka 1898. Baloji alichukua kazi za marehemu hao na kuzijibu kwa kazi yake mwenyewe. Hapo picha za masanduku yale zilipata mwenzao wa kubadilishana naye kutoka upande wa pili.

Shule hiyo ya Picha ndiyo iliyomlea Georges Senga, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1983, aliyejulikana kwa mfululizo kuhusu mwalimu mmoja aliyeishi akijifananisha na Lumumba, kuanzia miwani hadi mkao wa kitini. Senga alikwenda Maniema, kama Manyema inavyoandikwa leo, pamoja na wanaakiolojia Noemie Arazi, Igor Matonda, Clément Mambu, Alexandre Livingstone Smith na wengine, kufuata alama za waungwana wa Zanzibar huko Kasongo na Kabambare: kuchimba, kutafuta misingi ya nyumba, kuwasikiliza wazee wanaosimulia. Makala yao ilitoka mwaka 2020 katika jarida la akiolojia liitwalo Antiquity, na jina la mpiga picha limo miongoni mwa waandishi, sawa na majina ya wachimbaji. Kwa mwenye kukumbuka ukurasa wa Kabinda, si jambo dogo kwamba safari hii aliyeshika kamera anaweza kumsalimia mzee wa Tongoni, akajibiwa, na wakaelewana bila mkalimani.

Mwaka huohuo mpiga picha Finbarr O'Reilly, aliyepewa tuzo ya Carmignac ili apige picha za Kongo, alifungiwa njia na Korona. Akaigeuza kazi kuwa ya pamoja, na wapiga picha wa Kongo, wengi wao wa Goma, Bukavu na Beni, akina Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Pamela Tulizo na Raissa Karama Rwizibuka, ndio walioijaza. Ugonjwa ulilazimisha kilichopaswa kufanywa zamani.

Leo Kasongo na Kabambare kamera iko mfukoni, na picha ya harusi ya Jumamosi imeshafika kwa shangazi aliye Kigoma kabla wali haujaisha. Ni vyema. Kinachopotea ni za zamani: kadi zilizoliwa na mchwa, negativu za studio zilizotupwa, vioo vya Tervuren ambavyo watu wa Nyangwe hawajavitazama. Jumba lile lilifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya ukarabati wa miaka mitano. Sasa lipeleke nakala zake Kindu na Kasongo, zitundikwe shuleni na mahali pa kukutania, na wazee waulizwe nani ni nani. Na wewe uliye na picha ya Maniema ya kabla ya uhuru, usiiache sandukuni. Andika nyuma yake, kwa kalamu ya risasi kwa sababu wino hupenya, jina la kila unayemtambua, mahali na mwaka, kisha toa nakala kwa ukoo wa aliyemo.